Oili ya injini kwa gari jipya: sintetiki, ya kituo cha mafuta, au ile aliyoizoea fundi?

Toyota IST yangu ilipofika Tanga kutoka bandarini Dar, sikuipeleka kwanza kuoshwa. Niliipeleka Ngamiani kwa fundi ikamwagwe oili. Fundi akafungua boneti, akatazama huku na huku, akasema, "Kaka, tia ishirini-hamsini. Hii Tanga, joto lake si unalijua?" Alimaanisha 20W-50, oili nzito. Mkononi nilikuwa nimeshika kopo la 5W-30, iliyo nyepesi zaidi. Tukabishana mpaka muuza kahawa akapita mara mbili, na kila aliyekuwa kwenye benchi la gereji akawa na rai yake. Mmoja akasema sintetiki inavujisha injini. Mwingine akasema oili za vituo vya mafuta ni maji tu yenye rangi.

Karibu yote niliyoambiwa siku ile hayakuwa sahihi, lakini yalisemwa na watu wanaojua kufungua injini kwa macho makavu kuliko mimi. Ndiyo maana naandika. Fundi anajua vyuma. Kopo la oili ni maandishi, na maandishi yanataka msomaji.

Kwanza: gari lako ni jipya kwa nani?

Kwetu "gari jipya" ni mambo mawili. Kuna zero kilomita, lililotoka kiwandani, na kuna lile lililotumika Japani miaka kumi na tano likawa jipya kwako na kwa jirani zako. Oili zake hazianzi mahali pamoja.

Kama ni zero kilomita, usiwe na haraka ya kumwaga. Zamani wazee walikuwa wakimwaga kwenye kilomita 1,000 kwa sababu injini mpya ilibaki na vumbi la chuma. Siku hizi baadhi ya viwanda, Honda kwa mfano, huwaambia wenye magari waiache oili ya kiwandani mpaka huduma ya kwanza iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa kuwa imewekewa viambato vya kusaidia vyuma vipya kuzoeana. Fuata kitabu chako, tunza risiti za kila huduma, na usimruhusu mtu akuongezee "dawa ya injini" ya chupa. Kama gari lina dhamana, risiti yenye namba ya oili iliyotumika ndiyo itakayokutetea siku ya ubishi.

Kama ni la Japani, tafuta kibandiko kidogo cha huduma, mara nyingi ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kimeandikwa Kijapani lakini tarakimu zinasomeka: tarehe, na kilomita. Mwaka ukionekana mdogo, usishangae, Wajapani huhesabu kwa enzi za wafalme wao. Enzi ya Reiwa ilianza 2019, kwa hiyo jumlisha 2018: mwaka 3 ni 2021. Ukikuta 28 au 30, hiyo ni Heisei, jumlisha 1988: mwaka 30 ni 2018. Linganisha kilomita za kibandiko na zile za dashibodi. Wapo wanunuzi waliogundua hapo kwamba gari lao lilirudishwa nyuma kilomita elfu hamsini, lakini hayo ni maongezi ya siku nyingine.

Kisha fungua kifuniko cha kujazia oili, mulika na tochi. Rangi ya asali au kahawia kwenye vyuma ni hali ya kawaida. Tope jeusi lililoganda kama lami lina maana mwenye gari wa kwanza alikuwa mvivu. Povu jeupe kama maziwa ya chai ni maji ndani ya oili: simama hapo, tafuta linapotoka kabla ya kufikiria kopo lolote.

Kwa gari la namna hii mimi sianzi na oili ghali. Mwaga iliyomo, tia oili nzuri ya kawaida yenye namba sahihi na filta mpya, tembea kilomita 2,000 hadi 3,000, mwaga tena. Oili mpya ina sabuni yake, inang'oa uchafu wa zamani, na uchafu huo afadhali utoke na oili ya bei nafuu. Baada ya hapo ndipo uamue kuhusu sintetiki.

Namba za kopo, na hoja ya joto la Tanga

Hapa ndipo ubishi wetu ulipokuwa, na hapa ndipo nitakapokaa.

Kwenye 5W-30, sehemu yenye W inahusu baridi. W yenyewe ni ya neno la Kiingereza la majira ya baridi, na utaratibu huu ni wa SAE, jumuiya ya wahandisi wa magari iliyoanzia Marekani mwaka 1905. Oili ya 0W hupimwa kama injini itaweza kuizungusha kwenye nyuzi −35. Ya 5W, −30. Hata ile 20W inayoonekana nzito hupimwa kwenye −15. Sasa niambie ni lini Lushoto, hata alfajiri ya mwezi wa saba, imefika −15. Kwa hiyo namba ya kwanza haiwezi kukuumiza kwa kuwa ndogo. Ila ina faida moja iliyojificha: oili ya 5W kwa kawaida ni nyepesi kuliko ya 20W hata kwenye asubuhi yetu ya nyuzi 25, hivyo hupanda haraka kule juu kwenye kamshafti, mhimili unaofungua vali, unapowasha. Injini huumia sana katika sekunde zile za kwanza, oili ikiwa bado imelala kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini.

Namba ya pili ndiyo inayohusu moto, na hupimwa kwenye nyuzi 100. Wengi hudhani ni joto la nje. Sivyo. Maji ya injini yanashikiliwa na themostati karibu na nyuzi 80 hadi 90 na kitu, uwe Raskazone mwezi wa pili au Sapporo kwenye theluji. Injini iliyokwisha kupata moto haijui kama nje kuna jua au mvua ya vuli. Mhandisi aliyeandika 30 aliandika kwa ajili ya moto huo wa ndani, na kwa nafasi nyembamba aliyoiacha kati ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, na beringi zake. Ukitia 50 kwenye nafasi iliyopimwa kwa 30, oili haipenyi inavyotakiwa, pampu inafanya kazi ya bure, petroli inaliwa zaidi, na kwenye injini zinazobadilisha muda wa vali kwa nguvu ya oili, kama zile za Toyota zenye VVT-i, mfumo unachelewa kuitika.

Fundi wangu hakuwa mjinga. Vitabu vya Toyota za zamani zilizouzwa Afrika vilikuwa na jedwali la joto, na 20W-50 ilikuwemo. Yeye alijifunza kazi kwenye injini hizo. Na hata vitabu vya leo, vingi vinasema namba ya pili kubwa zaidi inaweza kufaa kwa mwendo mkali au mzigo mzito. Kwa hiyo ukiwa na Noah inayopandisha abiria tisa na magunia ya karoti kati ya Mombo na Lushoto kila siku, na kitabu chako kinaruhusu 5W-30 na 10W-40, chukua 10W-40 bila wasiwasi. Kinachokatazwa ni kuruka nje ya kitabu. Gari lililoandikiwa 0W-20 likikosa oili yake, Toyota yenyewe huruhusu 5W-30 kwa mara moja, urudi kwenye 0W-20 unapomwaga tena.

Kitabu ni cha Kijapani? Angalia kifuniko cha kujazia oili, magari mengi yameandikwa pale. Kama hakuna, tafuta kwa jina la injini, siyo jina la gari. IST ya kwanza, ile ya 2002 hadi 2007, ina 2NZ-FE ya 1.3 au 1NZ-FE ya 1.5, na zote zinakwenda vizuri na 5W-30, kama lita 3.7 pamoja na filta.

Geuza kopo

Mbele ya kopo ni tangazo: farasi anayekimbia, gari la mashindano, neno "ULTRA". Nyuma ndiko kuliko na habari.

Tafuta herufi za API, taasisi ya mafuta ya Marekani. Kwa injini za petroli herufi ya kwanza ni S, na ya pili inapanda na alfabeti jinsi kiwango kinavyokuwa kipya: SL ya 2001, SM ya 2004, SN ya 2010, SP ya 2020. Mpya hufaa kwa injini ya zamani, lakini si kinyume chake. Na hili linatuhusu sana, maana kwenye maduka yetu ya spea bado kuna makopo ya SF yenye namba moja tu, SAE 40. Kwa mujibu wa API yenyewe, SF ni ya injini za 1988 kurudi nyuma. Inawaka kwenye IST, ndiyo. Hata mafuta ya kupikia yangezungusha krenki kwa dakika kadhaa.

Dizeli herufi yake ya kwanza ni C: CI-4, CJ-4, CK-4. Kama Hilux au Prado yako ina kichujio cha moshi kwenye bomba la nyuma, inataka oili yenye majivu kidogo, na kiwango cha Kijapani cha DL-1 kipo kwa ajili hiyo. Usikisie hapo, kichujio kikiziba gharama yake inazidi oili ya miaka mingi.

Angalia pia namna herufi zilivyoandikwa. Ikiwa zimo ndani ya alama ya duara kama andazi lenye tundu, API juu na namba ya SAE katikati, hiyo inatolewa kwa leseni, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya API: andika jina la oili uone. Ikiwa ni maneno tu, "inakidhi API SN", ni mtengenezaji anajisifu mwenyewe. Anaweza kuwa anasema kweli. Na chini ya hapo tafuta alama ya TBS, shirika la viwango la Tanzania.

Wenye Benz, BMW na Volkswagen, ninyi mna namba zenu, kama MB 229.5 au VW 504 00. Zikikosekana nyuma ya kopo, rudisha kopo.

Sintetiki ni nini hasa?

Oili yoyote ni mafuta ya msingi yaliyochanganywa na viambato: sabuni, vizuia kutu, vizuia msuguano. Mafuta ya msingi ni sehemu kubwa, kwa kawaida zaidi ya robo tatu ya kopo. Ya kawaida hutokana na kusafisha mafuta ghafi. Ya sintetiki ama hujengwa upya kiwandani kutoka kwenye gesi na kemikali, ama ni mafuta ghafi yaliyosafishwa kwa haidrojeni mpaka tabia yake ikabadilika. Hili la pili lilileta kesi ya matangazo Marekani: Mobil ililalamika kuwa Castrol inaita sintetiki kitu kilichotoka kwenye mafuta ghafi, na mwaka 1999 chombo cha kusimamia matangazo kikaipa haki Castrol. Tangu hapo neno "sintetiki" kwenye kopo limekuwa pana. Usilipe mara tatu kwa ajili ya neno peke yake.

(Ukisikia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, litakuja kuishia Chongoleani hapa kwetu, usitegemee oili ya injini kushuka bei. Yale ni ghafi ya kupakiwa melini.)

Faida ya kweli ya sintetiki ni kwamba haichoki haraka kwenye moto, haigeuki tope kirahisi, na hutiririka vizuri ikiwa baridi. Oili ya 0W-20 karibu zote ni sintetiki kwa lazima. Injini za turbo, na zile zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, nazihesabu katika kundi lisilo na hiari: sintetiki, API SP, basi. SP iliwekewa kipimo cha kuzuia petroli kuwaka kabla ya wakati wake, jambo linalovunja pistoni za injini hizo.

Na ile ya "inavujisha"? Haivujishi. Sili iliyokufa ilikuwa imezibwa na tope, tope likaondoka. Kuchanganya sintetiki na ya kawaida ukiwa umekwama Segera usiku nako hakuui injini, oili zenye kiwango cha API lazima zichanganyike bila kugombana.

Oili yenye jina la kituo

Kampuni nyingi zenye vituo vya mafuta nchini zina oili za jina lao, na baadhi ya maduka makubwa pia. Watu wanazidharau kwa kuwa hawajaziona kwenye magari ya mashindano. Mimi nadhani ndizo chaguo zuri kwa gari la kawaida Tanga, na nina sababu mbili.

Ya kwanza: viambato ndani ya makopo ya dunia hii hutoka kwa wachache. Kampuni kubwa ni nne: Lubrizol, Infineum, Afton na Chevron Oronite. Mwenye jina kubwa na mwenye jina dogo hupiga hodi mlango uleule au wa jirani. Huko Marekani, oili ya duka la Costco iitwayo Kirkland imekuwa ikitengenezwa na mchanganyaji aitwaye Warren, ambaye hutengenezea maduka mengi, na ina leseni ya API kama zile za matangazo. Kinachotenganisha kopo na kopo ni kiwango kilichoandikwa nyuma.

Ya pili ndiyo nzito zaidi: mikono. Kopo la jina maarufu linapita kwa mwagizaji, wa jumla, wa kati, mpaka duka la spea mtaani, na jina maarufu ndilo linalochakachuliwa. Oili ya kituo ukiinunua kwenye kituo chenyewe imepita mikono michache. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wachakachuaji wamelielewa hilo, ndiyo maana hukivisha kibaya nguo za kizuri.

Nasema hivi kwa sababu nililiwa. Kwenye duka moja, sitalitaja, nilinunua sintetiki ya jina kubwa kwa bei iliyonifurahisha. Baada ya kilomita 1,200 taa nyekundu ya oili ikawa inapepesa kwenye taa za Chumbageni kila injini ikishuka mzunguko. Tulipoimwaga ilikuwa nyembamba kama dizeli. Niliporudi dukani nikaambiwa, "Mjomba, injini yako imekula ringi." Tulitia oili nyingine, ya kituo, na taa haijapepesa tena mpaka leo.

Tangu siku ile nakagua hivi: foili iliyo chini ya kifuniko lazima iwe imebana bila mikunjo, pete ya kifuniko ikatike ninapofungua mimi, namba ya toleo kwenye kopo isifutike kwa kucha, na lebo isiwe imepinda. Bei ikiwa chini ya wengine wote kwa theluthi, naaga kwa heshima.

Hesabu kabla ya kulipa

Tuchukue bei za mfano tu. Sintetiki lita nne 140,000, ya kawaida 70,000, filta 15,000, ufundi 10,000. Ya kawaida ukimwaga kila kilomita 5,000, katika kilomita 10,000 umetumia 190,000. Sintetiki ukiiacha ifike 10,000, umetumia 165,000. Ukiimwaga kila 5,000 kwa mazoea, ni 330,000, na nusu yake umeitupa.

Ila kilomita 10,000 ni za barabara ndefu na safi. Safari fupi za sokoni na shule, ambazo injini inazimwa kabla haijapata moto, foleni, na vumbi la njia za vijijini, vyote huitwa matumizi magumu hata vitabuni. Mimi namwaga sintetiki kila 7,000 au miezi sita, kinachotangulia. IST isiyotoka nje ya mji, oili ya kawaida yenye 5W-30 na SN au SP kila 5,000 inatosha kabisa. Tofauti ya pesa nunulia filta halisi.

Siku ya kumwaga

Injini iwe vuguvugu, gari kwenye usawa. Simama karibu na fundi, fungua kopo kwa mkono wako. Washa, ile pete ndogo ya boliti ya sampu, iwe mpya, filta ipakwe oili kidogo kwenye raba na kukazwa kwa mkono, siyo kwa spana. Usikubali kopo la lita nne limiminwe lote kwenye injini ya lita 3.7. Washa injini, tazama chini kama kuna tone, zima, subiri dakika tano, pima kwa kijiti: katikati ya alama mbili kuelekea ya juu. Oili ya dizeli ikiwa nyeusi baada ya siku mbili usigombane na mtu, inasafisha.

Andika tarehe, kilomita na namba ya oili kwenye kipande cha karatasi, ubandike pale palipokuwa na kibandiko cha Kijapani.

Oili chafu usiiache imwagwe mtaroni. Mitaro yetu inaishia baharini, na bahari hii ina hifadhi ya silikanti, samaki waliodhaniwa wametoweka zamani za kale. Irudishe kwenye dumu na uulize gereji inakoipeleka. Kopo tupu nalo usimwachie mtu likiwa zima: lichane lebo, litoboe kitako kwa bisibisi. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, kijana wa gereji alinitazama kama nimemnyang'anya kitu. "Bosi, hilo huwa tunaliuza," akasema. Nikamuuliza, kwa nani? Akacheka tu.